Sensa ya Mvuke wa Petroli: Ipime Kabla Hujainunua

Taa ya injini imewaka kwenye Camry yako ya mwaka 1999. Gari linawaka bila shida, linavuta, halitoi moshi. Umechomeka kifaa cha kusomea hitilafu, kikakupa P0451. Ukatafuta mtandaoni, ukaona sensa ya presha ya mvuke wa petroli inauzwa, na sasa kidole kiko juu ya kitufe cha kulipia. Ngoja kwanza.

Namba hiyo haisemi sensa imekufa. Inasema kompyuta ya gari haiziamini taarifa zinazotoka upande ule. Kosa linaweza kuwa kwenye sensa yenyewe, kwenye waya, kwenye soketi, kwenye mpira mwembamba unaoleta mvuke, au kwenye vali iliyo mbali kabisa, huko karibu na injini. Watu hununua sensa kwa sababu ndiyo jina lililoandikwa kwenye skrini. Wewe ipime. Ni kazi ya asubuhi moja, na kifaa kikuu ni multimita ya bei ndogo.

Hakikisha gari lako linayo

Sensa hii ni zao la sheria za Marekani. Kuanzia modeli za 1996, magari madogo mapya yaliyouzwa kule yalilazimika kuwa na mfumo wa OBD-II. Sehemu ya kazi ya mfumo huo ni kukagua kama tangi linavujisha mvuke wa petroli. Mwanzoni kompyuta ilitakiwa igundue tundu la milimita 1. Baadaye likawa la milimita 0.5. Njia moja ya kugundua tundu dogo hivyo ni kupima presha ndani ya tangi, na hapo ndipo sensa ilipoingia.

Kwa hiyo kama uko Columbus, Houston au Toronto na unaendesha Camry, Corolla, Sienna au 4Runner ya miaka ile, tafuta, utaikuta. Kama uko Muscat au Dubai na gari lako lilitoka Marekani, vivyo hivyo. Bujumbura, Kigali na Goma, ambako magari hupita upande wa kulia wa barabara, unaweza pia kukutana na gari lililouzwa kwanza Marekani.

Ukiwa Dar es Salaam au Nairobi na Vitz, Premio au Probox iliyotoka Japani, mambo ni tofauti. Nyingi kati ya hizo hazina sensa hii kabisa. Fundi akikwambia uinunue, mwombe aiguse kwa kidole ilipo. Asipoweza, funga pochi.

Jambo lingine la kukuokolea pesa: sensa hii haipangi mchanganyiko wa petroli na hewa kwenye injini. Kama gari linakosa nguvu, linatetemeka au linakunywa mafuta kuliko zamani, tafuta kwingine.

Usalama, halafu tuendelee

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini na kujikusanya mahali palipozibika. Fanya kazi nje, mbali na jiko, sigara na chochote kinachotoa cheche. Tumia tochi ya LED, usitumie balbu ya umeme yenye waya.

Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Weka stendi. Kama huna stendi, ahirisha.

Na kama unasikia harufu kali ya petroli au unaona tone linadondoka, acha habari ya sensa. Huo ni uvujaji wa mafuta na unashughulikiwa kwanza, leo hii.

Soma namba kwa makini

Andika namba zote, usiandike ile ya kwanza tu. P0450 hadi P0453 zinahusu sensa na njia yake ya umeme. P0452 maana yake volti ziko chini mno, P0453 ziko juu mno. P0451 inasema volti zinakuja lakini hazieleweki. Kwenye Toyota za miaka hiyo, mara nyingi ni kwamba usomaji unarukaruka gari likiwa limesimama linaunguruma.

P0442, P0455 na P0456 ni habari ya uvujaji. Ukizipata hizo peke yake, karibu kila mara sensa haina hatia. Inafanya kazi vizuri, ndiyo maana imegundua kuna tundu. Anza na kifuniko cha tangi: angalia raba yake kama imepasuka au imekauka, safisha mdomo wa tangi, funga hadi kisikike kikigonga.

Kwenye Toyota za mwishoni mwa miaka ya 1990, P0440, P0441 na P0446 hupenda kuja kwa pamoja. Ukiona utatu huo, elekeza macho kwenye kanista, lile kopo jeusi lenye mkaa ndani, na vali zake kabla ya kuigusa sensa.

Ukiona P0452 au P0453 imeambatana na hitilafu za sensa nyingine, mfano ya throto, hilo ni dokezo kubwa. Sensa kadhaa hugawana njia moja ya volti 5. Mmoja akiivuta chini, wote wanalia. Kabla ya kufuta chochote, fungua pia zile taarifa ambazo kompyuta huhifadhi wakati hitilafu inatokea: mwendo, joto la injini, kiasi cha mafuta. Zipige picha kwa simu. Ukifuta namba, zimekwenda.

Itafute

Ni kidubwasha cha plastiki chenye ukubwa wa kiberiti. Kina soketi ya waya tatu (wa umeme wa kulisha sensa, wa athi na wa taarifa) na mara nyingi kina mdomo mmoja mwembamba unaoingia mpira. Kwenye baadhi ya magari imefungwa karibu na kanista ya mkaa, chini ya gari upande wa nyuma. Kwenye mengine iko juu ya tangi, pembeni ya pampu ya mafuta. Na yako machache ambayo imewekwa mbele, kwenye chumba cha injini.

Njia rahisi ni kufuata mpira. Anza kwenye kanista ya mkaa na ufuate mpira mwembamba kuliko yote. Kama iko juu ya tangi, nyanyua kwanza kiti cha nyuma. Magari mengi yana kifuniko cha chuma pale sakafuni kinachokufikisha kwenye pampu bila kushusha tangi.

Macho kwanza, mita baadaye

Kagua mpira kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukunje kidogo kwa vidole. Ukiona nyufa, badilisha. Uvute utoke kwenye mdomo wa sensa na uangalie kama umeziba kwa vumbi au una maji ndani.

Usicheke kuhusu buibui. Mwaka 2011 Mazda iliyarudisha magereji maelfu ya magari ya Mazda6 huko Marekani kwa sababu aina ya buibui wa manjano alikuwa anafuma utando ndani ya mpira wa hewa wa kanista, presha ya tangi inavurugika, na tangi linaweza kupasuka. Kama mfumo mpya kabisa ulishindwa na buibui, wako wa miaka ishirini na ushee unastahili kukaguliwa.

Sasa chomoa soketi. Hapa ndipo ninapotaka utulie, maana hapa ndipo sensa nyingi nzima hutupwa bure. Tazama zile pini tatu kwenye mwanga. Kutu ya kijani? Pini imerudi nyuma au imelala? Raba ya kuzuia maji haipo? Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji huko Canada na kaskazini mwa Marekani inaila soketi hii taratibu, na hewa ya bahari ya Muscat haina huruma nayo pia. Panya nao hupenda waya za chini ya gari.

Nyunyiza dawa ya kusafishia soketi za umeme, ile inayokauka yenyewe. Chomeka na kuchomoa mara kadhaa ili pini zijisugue. Kaza pini iliyolegea kwa sindano. Halafu futa namba na uendeshe siku mbili tatu. Ikiwa haikurudi, umemaliza, na umetumia bei ya kopo moja la dawa.

Kipimo cha kwanza: injini imezimwa, tangi liko wazi

Fungua kifuniko cha tangi ili presha ya ndani ilingane na ya nje. Washa switchi hadi ON bila kupiga stata. Kama kifaa chako kinaonyesha taarifa moja kwa moja, tafuta presha ya mvuke au presha ya tangi. Kama kinasoma namba tu, chomeka ncha nyembamba ya multimita kwa nyuma ya soketi, kwenye waya wa taarifa, huku soketi ikiwa imechomekwa.

Kwenye Toyota za kipindi hicho unatarajia volti 3.0 hadi 3.6. Kifaa kikionyesha presha badala ya volti, kiwe karibu na sifuri.

Usichukue tarakimu hizi ukazipeleka kwenye gari la aina nyingine. Kwenye magari mengi ya General Motors kawaida ni kama volti 1.5. Kwenye Ford nyingi ni kama 2.6. Tena General Motors wameigeuza: presha ya tangi ikishuka, volti zinapanda, kinyume cha Toyota. Mtu asiyejua hilo huihukumu sensa nzima kuwa mbovu. Tafuta kitabu cha ufundi cha gari lako.

Ukiona volti 0 au karibu na 5 tangi likiwa wazi, kuna kitu kimekatika au kimegusana. Bado hujui ni nini. Endelea.

Kipimo cha pili: waya tatu

Zima switchi, chomoa soketi, washa tena. Sasa unapima upande wa waya, siyo sensa.

Weka multimita kwenye volti za DC. Ncha nyeusi kwenye chuma safi cha bodi, nyekundu kwenye pini moja baada ya nyingine. Pini moja lazima ikupe kati ya volti 4.5 na 5.5. Huo ndio umeme wa kulisha sensa. Kama haupo, usinunue sensa. Ama waya umekatika, ama kuna sensa nyingine kwenye njia hiyohiyo inayoivuta chini. Chomoa zile nyingine moja moja, throto ikiwa ya kwanza, huku ukiangalia mita. Volti 5 zikirudi ghafla, umemkamata mkosaji. Ukikuta volti 12, waya huo umegusana na waya mwingine mahali fulani.

Sasa fanya hivi, ni ujanja mdogo unaofaa sana. Acha ncha nyekundu kwenye ile pini ya volti 5. Hamisha ncha nyeusi kutoka kwenye bodi uiweke kwenye pini ya athi ya soketi. Mita iendelee kuonyesha volti 5 zilezile. Zikipotea, waya wa athi umekatika. Zikipungua, athi ni dhaifu, na athi dhaifu huifanya sensa nzima isome uongo siku nzima.

Umebaki waya wa taarifa. Tafuta kipande kifupi cha waya mwembamba. Unganisha pini ya taarifa na pini ya volti 5, na utazame kifaa chako: usomaji upande karibu na volti 5. Toa. Unganisha pini ya taarifa na pini ya athi: usomaji ushuke hadi sifuri. Kompyuta ikifuata kote kuwili, waya na kompyuta ni vizima. Angalia sana usiunganishe pini ya volti 5 na ya athi.

Na ile tochi ya fundi yenye balbu na ncha kali, iweke kabatini. Inavuta umeme mwingi kuliko njia hizi zinavyovumilia, na inaweza kuumiza kompyuta.

Ukimaliza, chomeka soketi yote, shika waya na uutikise polepole kuanzia kwenye sensa kwenda mbele huku mwenzako akitazama usomaji. Ukiruka mahali fulani, waya umevunjika ndani hapohapo. Kwa P0451 inayokuja na kupotea, kutikisa waya kumewaumbua wakosaji wengi.

Kipimo cha tatu: maji na bomba la sindano

Waya ni nzima. Sasa ni zamu ya sensa, na hapa watu wengi hukosea kwa kutumia nguvu.

Sensa hii inapima presha ndogo sana. Kwenye Toyota, kompyuta inaona kila kitu kilicho nje ya kilopaskali 3.5 chini ya hewa ya kawaida na 1.5 juu yake kuwa ni hitilafu. Mvuto wa injini ikiunguruma bila mzigo ni kama kilopaskali 60 au 70. Ukiunganisha sensa na mvuto huo, au ukaipulizia kompresa, umeiua mwenyewe. Hata pampu ya mkono ya mafundi haifai kwa kusoma, maana saa yake imegawanywa kwa vipimo vikubwa. Kilopaskali 2 hazisogezi mshale ukaonekana.

Maji yatakusaidia. Tofauti ya sentimita 10 za maji ni karibu kilopaskali 1. Tafuta mpira mwembamba unaopitisha mwanga, kama ule wa dripu au wa tangi la samaki, wa mita moja na nusu. Ufunge kwenye ubao kwa umbo la U, kila mkono uwe na urefu wa nusu mita. Tia maji hadi katikati, na tone la rangi ya chakula ili uone vizuri. Weka futi pembeni yake.

Upande mmoja wa U uache wazi. Upande wa pili uunge kwa kiungo cha njia tatu: njia moja kwenda kwenye maji, moja kwenye mdomo wa sensa, moja kwenye bomba la sindano la mililita 60. Sensa iwe juu kuliko maji, ili ukikosea yasiingie ndani.

Chomeka soketi, washa switchi, tazama volti. Bomba likiwa halijavutwa unapata 3.0 hadi 3.6. Vuta taratibu mpaka maji yatofautiane kwa sentimita 20. Volti zishuke hadi kati ya 1.3 na 2.1. Rudisha sifuri: zirudi pale pale zilipoanzia. Sukuma hadi tofauti iwe sentimita 15 upande wa pili: zipande hadi kati ya 4.2 na 4.8.

Cha kutazama siyo tarakimu peke yake. Tazama jinsi zinavyokwenda. Volti za sensa nzima huteleza pamoja na maji bila kuruka. Sensa mbovu hukwama kwenye namba moja, au huruka, au hukataa kurudi pale ilipoanzia.

Vuta tena sentimita 20, bana mpira wa bomba la sindano, na ushikilie dakika moja. Maji yakirudi yenyewe, kagua viungo vyako kwanza. Viungo vikiwa vizima na maji bado yanarudi, kiwambo cha ndani ya sensa kimetoboka.

Kwa P0451, ongeza vurugu kidogo. Gonga sensa kwa mpini wa bisibisi. Ipashe joto kwa kikausha nywele, wala siyo mpaka iungue mkono. Volti zikiruka maji yakiwa yametulia, hapo una ushahidi. Sasa nunua.

Ikifaulu, tazama majirani zake

Sensa ikifaulu mitihani yote na namba bado inarudi, basi huenda inasema kweli: presha ya tangi ndiyo isiyo ya kawaida.

Mshukiwa wa kwanza ni vali ya kusafishia kanista, ile inayoruhusu injini kuvuta mvuke. Injini ikiwa baridi na inaunguruma, chomoa mpira unaotoka kwenye vali kwenda kwenye kanista na uweke kidole. Wakati huo vali inatakiwa iwe imefungwa. Ukihisi kidole kinavutwa mfululizo, vali imekwama wazi. Dalili yake nyingine unaijua bila mita: gari linasumbua kuwaka ukitoka tu kujaza mafuta.

Mshukiwa wa pili ni njia ya hewa ya kanista iliyoziba. Hapa pampu ya kituo cha mafuta hukatika mara kwa mara ukijaza, au kifuniko cha tangi kinavuta hewa kwa nguvu ukikifungua. Mara nyingi chanzo ni tabia ya kuongeza mafuta baada ya pampu kukatika yenyewe. Petroli inafurika hadi kwenye mkaa, mkaa unaharibika, na vipande vyake vinaziba vali. Pampu ikikatika, lipa uondoke.

Baadhi ya Toyota za mwaka 1996 hadi miaka ya mwanzo ya 2000 zina vali ndogo ya njia tatu kati ya sensa, tangi na kanista. Kazi yake ni kubadilisha sensa isikilize tangi au kanista. Ikikwama, sensa inasoma mahali pasipotakiwa. Ichomoe, ipe volti 12 kwa sekunde moja na usikilize. Inatakiwa isikike ikigonga mara moja. Kisha pulizia hewa kwa mdomo kupitia mpira safi, bila umeme na ikiwa na umeme, uone kama njia inabadilika. Usivute kwa mdomo. Mvuke wa petroli siyo wa mapafu.

Ukinunua na kuifunga

Linganisha namba iliyoandikwa kwenye mwili wa sensa ya zamani. Usinunue kwa jina la gari tu, kwa sababu modeli moja ilibadilishiwa sensa kati ya mwaka mmoja na mwingine, na mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kutoa volti tofauti.

Ya mtumba kutoka gari lililovunjwa inafaa kabisa, mradi uipime kwa maji kabla ya kuifunga. Mimi ningechagua ya mtumba yenye jina la mtengenezaji wa awali kuliko mpya ya bei ya kutupa isiyo na jina.

Badilisha na kipande cha mpira na kibanio chake. Kama sensa inazama kwenye tangi, weka oringi mpya. Ikiwa tangi lazima lishushwe, subiri mafuta yapungue karibu yaishe, na ukiwa huna msaidizi na jeki ya kutosha, mpelekee fundi. Kwake hiyo ni kazi ya kawaida, na wewe tayari umeshajua anachotakiwa kubadilisha.

Baada ya hapo

Futa namba, kisha uwe na subira. Kompyuta haijaribu mfumo wa mvuke kila siku. Inasubiri injini iwe imepoa kabisa, kwa kawaida usiku kucha, hali ya hewa isiwe kali, na tangi lisijae wala lisiwe tupu. Weka mafuta nusu tangi, endesha kama kawaida, kwenye barabara kuu na mjini, asubuhi kadhaa.

Kama una ukaguzi wa moshi unaokusubiri, usifute namba siku moja kabla. Kufuta kunafuta pia vipimo vya kompyuta, na mkaguzi ataviona havijakamilika. Huko Marekani, mwongozo wa EPA, mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo, unaruhusu gari la 1996 hadi 2000 lipite likiwa na vipimo viwili ambavyo havijakamilika, na la 2001 kuendelea kimoja. California ni kali zaidi: kwa gari la petroli la 2000 kuendelea, kipimo pekee kinachosamehewa ni cha mfumo wa mvuke. Angalia, hicho ndicho kinachochelewa kuliko vyote, na ndicho unachokitengeneza. Mradi tu taa ya injini isiwe inawaka.

Namba ileile ikirudi ndani ya siku moja, usiilaumu sensa mpya. Rudi kwenye athi na soketi. Ikija P0442 badala yake, mara nyingi ni habari njema: sensa sasa inasikia, na inakwambia kuna mpira au kifuniko kinachovuja. Anza na ule mpira uliouvuta na kuurudisha ulipokuwa unafunga.